Mashine Iliyofundishwa Kujizima

Mwaka ule pweza alituhama vyunguni. Ndivyo sisi wa Usagara hapa Tanga tunavyoukumbuka, kalenda hatuihitaji. Miaka ya foleni tulikuwa tumekwishaipita, ile ya unga wa njano tuliouita yanga, miaka ya kula muhogo bila chumvi na bahari iko mlangoni. Huu ninaousema ulikuwa mwaka wa ruksa. Maduka yamejaa, mchele wa punje ndefu umetoka ng'ambo, ukiupika kila punje inakaa peke yake kama imegombana na mwenziwe. Kila kitu kipo, ila pweza hayupo. Wanunuzi walimngojea pwani, kuanzia Moa mpaka Mkwaja, akitoka majini anaingia kwenye barafu, safari yake Ulaya. Sisi tukabaki na wale wadogo wa kiganja waliokataliwa kwenye mizani. Unawatia watatu kwenye tui la nazi, mchuzi unanukia pweza, lakini ukitafuna hukuti kitu.

Nami nilikula mshahara wa kampuni hiyohiyo iliyomchukua. Sifichi. Nilikuwa nadeki na kupika chai pale ofisini, karibu na vyumba vya barafu. Jina la kampuni silitaji, maana wenyewe wako hai na mimi nimezeeka, sina nguvu za kuitwaitwa.

Shule sikusoma. Nilisoma kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye banda la makuti, na mwanangu wa mwisho mgongoni. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi nafuatisha, mtoto ananikojolea. Herufi zilinisumbua, lakini namba zilinikaa mara moja. Namba haina ujanja, saba ni saba ukiiandika vizuri ukiiandika vibaya. Mtoto yule aliyenikojolea ndiye aliyekuja kusoma mpaka kidato cha nne, kisha akajifunza kompyuta miezi sita kwenye chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Kampuni ilipoleta kompyuta, yeye ndiye aliyewekwa mbele yake.

Siku ya kwanza nilipodeki chini ya kiti chake alinyanyua miguu nipitishe tambara. Nikaviona viatu vyake, vya kisigino, vyeusi. Nikapadeki mahali pale mara mbili.

Kazi ya mashine ile ilikuwa moja kubwa. Nyaya zilitoka kwenye vyumba vya barafu zikaingia chumbani kwa mwanangu, na mashine ikawa inaandika kila saa, usiku na mchana, baridi ya kila chumba. Wazungu wanaonunua walitaka karatasi hiyo kwa kila shehena. Bila karatasi, pweza wako ni uozo tu hata kama ni mgumu kama jiwe. Sasa tazama maajabu: mashine ya kuchunga baridi, yenyewe ilikuwa haistahimili joto. Umeme wa siku zile ulikuwa wa mgao. Ukikatika, jenereta linawashwa, lakini jenereta lilikuwa dogo, linabeba vyumba vya barafu na kompyuta basi. Kiyoyozi kinazima. Msimu wa kaskazi, saa nane mchana, kile chumba kilikuwa tanuri.

Ndipo akaletwa fundi kutoka Pemba. Kijana mwembamba, kofia ya mkono kichwani, ameyasomea mambo hayo Bara Hindi. Aliniamkia shikamoo kabla ya kumwamkia meneja, nikampenda papo hapo. Alinieleza jambo lile kwa lugha yangu. Alisema ndani ya kompyuta mna kama karani mkuu asiyeonekana, ndiye anayewagawia wengine kazi. Karani huyo anaambiwa: joto likifika sitini, piga kelele. Likifika sabini, usimsubiri mtu, hifadhi kilichoandikwa, funga kazi, zima.

"Basi si umeshamwambia?" nikamuuliza. "Kazi imekwisha."

"Kumwambia si kazi, mama. Kazi ni kujua kama atatii."

Akafunga madirisha. Akazima kiyoyozi. Akaomba kanga yangu moja, akaziba nayo matundu ya nyuma ya mashine ambako inapumulia. Akafungua ubavu wake na kupenyeza kipimajoto cha kioo, kirefu, si kile cha hospitali, kikagusa bamba la chuma mle ndani. Kisha akanipa daftari na kalamu.

"Mimi wa nini tena?" nikasema. "Mimi wa tambara."

"Namba nimeziweka mimi, siwezi kujishuhudia mwenyewe. Binti ndiye mwenye mashine, naye hawezi. Nataka mtu asiye na lake."

"Mimi ninalo. Huyu mwanangu."

"Ndiyo vizuri. Utaona haya kusema uongo mbele yake."

Mwanangu akacheka. "Fundi, humjui mama yangu. Huyu anasema uongo kwenye mizani ya mchele tu."

"Nyoo," nikamwambia. "Mizani ya yule muuzaji ndiyo inayosema uongo, mimi naisahihisha."

Tukakaa watatu mle ndani tukitoka jasho kama wali uliofunikwa. Yeye anauliza, sisi tunajibu.

"Waona ngapi, mama?"

"Hamsini na nane."

"Na kwenye kioo cha kompyuta?"

"Hamsini na saba," mwanangu anasema.

"Andikeni zote mbili."

Ilipopita sitini mashine ikalia, sauti nyembamba kama kifaranga aliyekanyagwa. Fundi hakuigusa. Sitini na nne. Sitini na saba. Sitini na tisa mwanangu alinishika mkono, kiganja chake kimelowa. Sabini, lakini mashine ikaendelea kuunguruma! Sabini na moja. Sabini na tatu ndipo ikazima. Mimi nikapiga makofi. Fundi akatikisa kichwa.

"Imechelewa," akasema. "Macho yake ya ndani yasoma pungufu. Twaanza upya."

Upya maana yake upya. Aliirekebisha, akaiacha ipoe, kesho yake akaziba tena kwa kanga yangu. Siku tatu mfululizo, saa ileile ya joto kali. Alisema mara moja yaweza kuwa bahati. Siku zote tatu kwenye sabini kipimajoto changu na kioo cha mwanangu vilisema mamoja, na mashine ikahifadhi vitu vyake ikazima yenyewe, taratibu, kama mtu anayefumba macho apate usingizi. Nikaandika daftarini kwa mkono wangu: Saa nane na dakika kumi. Sabini. Imezima. Nikatia jina langu chini. Sikuwahi kutia jina langu kwenye kitu cha maana kama kile, hata cheti cha ndoa alinitilia kaka yangu.

Fundi akarudi Pemba. Kaskazi ikazidi. Umeme ukawa unakatika kila mchana, na kila mchana, ikifika saa nane au tisa, mashine inalia, kisha inazima. Inatii. Meneja wetu alikuwa mtu wa hapahapa pwani, mnene, mcheshi, mtu wa kutoa sadaka. Lakini ile mashine ilimchefua.

"Mashine gani hii inalala mchana kama mlinzi?" akasema. Tulicheka sote. Ila karatasi zilikuwa zinatoka na mapengo, saa mbili tatu hazikuandikwa, na ng'ambo wakaanza kuuliza.

Siku moja akaingia chumbani kwa mwanangu wakati nami nimeingia na sinia la chai.

"Ile namba ya kuzima iongeze."

"Niongeze ngapi, mzee?"

"Weka tisini na tano. Isitusumbue mpaka kaskazi iishe."

"Mzee, fundi hajaijaribu hiyo."

"Fundi yuko kwao anaanika karafuu. Hapa meneja nani?"

Mwanangu aliniangalia. Nisikilize vizuri wewe unayesoma, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, sitaki mtu anitafutie pengine. Mwanangu aliniangalia, macho yake yananiuliza, nami nikajishughulisha na birika. Nikamimina chai. Nikauliza sukari vijiko vingapi, na hali miaka yote ile nilijua anakunywa vitatu. Nikasikia vidole vyake vinabonyeza. Kelele mbili tatu ndogo, basi.

Mashine haikulala tena mchana. Meneja akafurahi, akatupa kila mtu kilo ya mchele wa punje ndefu.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini, umeme umekatika, jenereta linanguruma. Mwanangu alikuwa ametoka kidogo kununua vitumbua. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia harufu, kama buibui la nailoni limeangukia jiko la mkaa. Nilipofungua mlango moshi ulinipiga usoni. Mashine ilikuwa inaungua ndani kwa ndani, haina moto wa kuonekana, inayeyuka tu. Nikavuta waya ukutani. Kovu ninalo mpaka leo kwenye kiganja hiki cha kulia.

Karatasi zote za miezi ile zilikuwa tumboni mwa mashine, zikafa nayo. Wanunuzi wakasema bila kumbukumbu hawapokei kitu. Vyumba viwili vya pweza, wazima, wagumu, hawana ubaya wowote, wakaamriwa wafukiwe. Shimo lilichimbwa nyuma ya ofisi. Watu wa Usagara walikuwa hawajamwonja pweza mwaka mzima, sasa wakawa wanamnusa. Juma zima.

Wenye kampuni wakaandika kutoka ng'ambo: nani aliweka namba ile? Meneja akajibu haraka: fundi. Kijana akafuatwa Pemba, akaletwa Tanga, akawekwa ndani. Akasema yeye aliweka sabini, akaijaribu, watafute daftari. Daftari likapatikana, likapelekwa pamoja na karatasi moja iliyochapwa na mashine siku ileile ya majaribio, mwanangu alikuwa ameiweka kwenye mtoto wa meza. Nikasema, kijana amepona.

Barua ikarudi. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akanisomea kwa Kiswahili.

"Wanasema daftari lako na karatasi ya mashine havipatani. Mashine inasema ilizima saa kumi na nne na dakika kumi. Wewe umeandika saa nane na dakika kumi. Saa sita zimepotea. Wanasema moja ni uongo, na kwa kuwa hawajui lipi, vyote viwili vitupwe."

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, nilidhani ananitania.

"Bwana, wewe mchana unakula saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi si uwaambie! Waambie sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Mtoto wa chekechea anajua hilo. Saa yao ya kumi na nne ndiyo saa nane yetu."

Aliangalia dirishani. Ndipo nilipofahamu kuwa hakuwa ameshindwa kufahamu. Alijua, karani alijua, dereva alijua, hakuna aliyezaliwa kati ya Moa na Mkwaja ambaye hajui, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu akawaandikia wale watu mstari mmoja. Kijana anakaa ndani kwa sababu ya saa sita ambazo hazikupotea popote.

Meneja akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa imepigwa taipu. Ilisema mimi, mtumishi wa kampuni, nilikuwepo siku hiyo, nikashuhudia kwa macho yangu fundi akiweka kiwango cha kuzima kwenye tisini na tano na kukijaribu mara tatu. Chini pameachwa mstari mtupu. Niliutambua upigaji wa taipu ile. Mwanangu alikuwa na tabia ya kuacha nafasi mbili baada ya kila kituo, alifundishwa hivyo, alikuwa akijivunia.

"Tia jina lako hapo," meneja akasema. "Unajua kuandika, mama, si kama wengine wa dole gumba."

"Nisipotia?"

"Usipotia, itabidi niseme nani aliyebonyeza." Akasema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula. "Fikiria. Yule si wako. Huyu ni wako."

Nikamwambia: "Sabini niliiona. Tisini na tano sikuiona. Siandiki."

Akanipa mpaka asubuhi.

Niyaseme kabisa yaliyofuata, nisikuweke roho juu. Kijana alitoka. Bila jina langu hawakuwa na la kumshikia. Alirudi kwao, na niliambiwa na mtu wa Wete kwamba hakugusa tena mashine, anauza mafuta ya taa. Meneja alimtaja aliyebonyeza. Aliyeamuru hakumtaja. Mwanangu alipewa barua ya kufukuzwa yenye maneno ya kumchafua, akaizunguka Tanga nzima na vyeti vyake, kila mlango wameshasikia. Mimi pia walinitoa, lakini ndoo na tambara vipo kila mahali. Yeye alivuka mpaka kwenda Mombasa, akaolewa hukohuko. Nina wajukuu saba. Sita nawajua kwa harufu ya vichwa vyao, ukinifumba macho nitakwambia huyu ni yupi. Hawa sita wamesoma, mmoja ni mkunga, mmoja anafundisha hesabu, najisifia na sioni aibu. Wa saba, wa Mombasa, namjua kwa picha, picha yenyewe imeletwa na jirani. Watu hunishauri niende nikabishe hodi. Nilikwenda. Nilifunguliwa na mtumishi, akaingia ndani kuuliza, akarudi akasema wenyewe hawapo. Vile viatu vya kisigino, au vingine kama vile, vilikuwa hapo mlangoni.

Lakini siku ile ya karatasi alikuwa bado wangu. Aliwahi kufika nyumbani kabla yangu. Mimi niliingia nikavua buibui, nikaketi juu ya mbuzi, nikaanza kukuna nazi kwa sababu mikono ilitaka kazi. Akaja akaketi chini mbele yangu na nguo zake za ofisini, kwenye vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshaniamkia asubuhi."

"Amekupa karatasi."

"Amenipa. Umeacha nafasi mbili baada ya kila kituo."

Akainamisha kichwa. Nikaendelea kukuna.

"Aliniambia nichape, nikachapa," akasema. "Jina lako tu, mama. Ni mstari mmoja. Yule ni Mpemba, ana ndugu zake, watamtoa. Mimi nina nani?"

"Una mimi."

"Basi andika."

Meno ya mbuzi yakanikata kidole. Nikakinyonya.

"Twende wote wawili," nikamwambia. "Kesho asubuhi. Tuseme nani alikuamuru. Mimi nilikuwepo na sinia, nilisikia."

"Tumwambie nani? Nani atatusikiliza? Wewe wa tambara, mimi msichana wa kubonyeza. Yeye anaswali safu ya kwanza." Sauti yake ikapanda. "Halafu leo ndiyo umesikia? Siku ile ulisikia nini? Nilikuangalia, mama. Nilikuangalia! Ukauliza sukari vijiko vingapi."

Nikakigeuza kifuu, nikatafuta nyama iliyobaki.

"Siku ile ulinyamaza kwa ajili yangu," akasema, sasa analia, kamasi na wanja vimechanganyika kama alipokuwa mdogo. "Nyamaza tena. Mara hii moja tu."

"Kunyamaza nimenyamaza, mwanangu, na Mungu ataniuliza. Hii si kunyamaza. Hapa unataka niseme."

"Mimi na yule kijana, nani mwanao?"

"Wewe."

"Mimi na hilo daftari?"

"Wewe."

Akatoa karatasi ileile kwenye mkoba. Alikuwa amekuja nayo. Akaitandika juu ya ungo, juu ya nazi niliyokuna, akanikunjulia vidole kimoja kimoja vilivyoshika kifuu, akaniwekea kalamu ndani ya kiganja kilichoungua, akavifunga tena vidole vyangu kwa mikono yake miwili. Alinishika hivyo muda mrefu. Mikono yake ilikuwa ya moto.

"Andika, mama yangu. Nakuomba kwa maziwa yako."

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia yeye, mwanangu wa mgongoni, maneno niliyomwambia meneja, sikupunguza wala sikuongeza.

"Sabini niliiona. Tisini na tano sikuiona. Siandiki."